Mashine ya kushtua moyo tuiombe, lakini mikono tunayo leo



Tangu vijana wa kamati ya michezo waandike barua kuomba mashine ya kushtua moyo iwekwe karibu na uwanja wa mpira, nimesimamishwa njiani mara nyingi. Watu wananiuliza: "Dada wa afya, hiyo mashine ni ya nini, na sisi hata dawa ya kichwa tunaipangia foleni?" Swali lina haki yake. Mimi si daktari, ni mhudumu wa kujitolea kama wengine mnaowaona na fulana na daftari, lakini nina maoni yangu na nitayasema.

Kwanza tuelewane. Moyo kusimama ghafla si presha kupanda, si kifafa, wala si kuzirai kwa njaa au jua. Mara nyingi moyo hauzimiki palepale kama taa. Unaanza kutetemeka ovyo na hausukumi damu tena. Mtu anaanguka, ukimwita na kumtikisa bega hajibu, na hapumui vizuri. Wengine hukoroma au kutweta mara moja moja kama samaki aliyetolewa majini. Usidanganyike ukasema "bado anapumua, amelala tu". Huyo anakufa mbele yako. Kila dakika inayopita bila msaada wowote inapunguza nafasi yake ya kupona kwa asilimia 7 hadi 10. Piga hesabu mwenyewe: kutoka zoni ya mwisho mpaka hospitali, usiku, simu haina mtandao, ni dakika ngapi?

Wapenzi wa mpira mnamkumbuka Marc-Vivien Foé wa Kamerun. Alianguka uwanjani Lyon, Ufaransa, tarehe 26 Juni 2003, akiwa na miaka 28, na hakuamka. Sasa mtazame Fabrice Muamba, mtoto wa Kinshasa ambaye baba yake alikimbilia Uingereza mwaka 1994, naye akamfuata mwaka 1999. Ndiyo, mkimbizi kama sisi. Tarehe 17 Machi 2012 alianguka katikati ya mchezo London. Alikandamizwa kifua bila kupumzishwa, akapigwa mishtuko 15, mingine uwanjani na mingine ndani ya ambulansi, na moyo wake ulikaa dakika 78 bila kupiga wenyewe. Yuko hai mpaka leo. Mpira aliuacha mwaka huohuo, lakini watoto wake wana baba.

Wengine watasema hayo ni ya wachezaji wenye madaktari pembeni. Sikubali. Kwenye viwanja vya ndege vya jiji la Chicago, Marekani, mashine hizi zilitundikwa ukutani, mahali mtu yeyote anapoweza kuzifikia. Katika miaka 2 watu 18 walianguka na moyo unaotetemeka namna hiyo, na 11 wakaokolewa. Waliowaokoa karibu wote walikuwa wapita njia. Kwa wagonjwa 6 kati ya hao 11, waliotumia mashine hawakuwa wamewahi kufundishwa kuitumia, ingawa watatu kati ya waokoaji hao walikuwa wamesomea udaktari. Inawezekana kwa sababu mashine yenyewe inasema kwa sauti cha kufanya, inapima moyo, na kama moyo hauhitaji mshtuko inakataa kuutoa. Huwezi kumuua mtu nayo kwa kubahatisha.

Hata hivyo sitawaficha upande wa pili. Mashine moja mpya kwa kawaida inazidi dola 1,000, na ninyi wenyewe mnaona misaada inavyopungua. Betri yake inakwisha hata isipotumika. Pedi zinazobandikwa kifuani zina tarehe ya mwisho, kama vidonge. Nyingi hazitakiwi kukaa kwenye joto la kupita nyuzi 50, na anayejua chumba cha bati mchana wa kiangazi ananielewa. Kisha mgonjwa akiamka bado anahitaji hospitali kubwa. Kwa hiyo msitegemee muujiza.

Hapo ndipo natofautiana kidogo na vijana wetu. Barua yao inaomba mashine itunzwe ofisini kwa mwenyekiti wa michezo. Hapana, wapendwa. Mashine iliyofungiwa kabatini na ufunguo uko kwa mtu aliyekwenda sokoni ni sawa na hakuna. Tena uwanjani kuna watu saa mbili tu jioni. Siku za kugawiwa chakula tunasimama maelfu juani, wazee, wenye presha, wenye sukari, na pale pana mlinzi usiku na mchana. Mimi ningeiweka pale kwa mlinzi, kivulini, na jina la mtu wa kuikagua kila Jumatatu liandikwe juu ya boksi. Kama mnaona pengine ni bora, leteni hoja kwenye mkutano wa zoni.

Lakini hata ikija kesho, anayekaa nusu saa kutoka pale haimsaidii bila mikono ya jirani yake. Mlaze chali chini pagumu, si kwenye godoro. Mmoja akimbie kuita ambulansi. Weka kisigino cha kiganja katikati ya kifua, mkono wa pili juu yake, viwiko vinyooke, kandamiza kwa nguvu. Kwa mtu mzima kifua kishuke sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika, na kila mara kiache kirudi juu. Ukichoka, na utachoka mapema, mwenzako apokee. Usimmwagie maji, usimnusishe kitunguu, usimtie kijiko mdomoni. Ubavu ukivunjika utapona. Na ninyi wanaume mnaoogopa kumgusa kifua mama wa watu: muulizeni mume wake kama angependa aibu au mke.

Msimu huu wa mvua niseme pia juu ya radi. Aliyepigwa na radi hana umeme ndani yake, mguse. Mara nyingi moyo wake unaweza kurudi wenyewe, ila pumzi inachelewa, kwa hiyo yeye, kama mtoto na kama aliyezama mtoni, anahitaji kupuliziwa hewa pamoja na kukandamizwa: mara 30 kifuani, pumzi 2, unarudia. Hao wanaweza kupona bila mashine yoyote.

Kuna jambo jingine linaloniuma zaidi. Mtu aliyekuwa akicheka jioni akianguka na kufa, kabla hajazikwa maneno yameanza: kapewa karuho, kalogwa, jirani fulani alimkaribisha pombe jana. Nimemwona mama mjane akihama kijiji na watoto wanne kwa maneno hayo, na marehemu alikuwa ameacha dawa za presha miezi mitatu. Moyo unaweza kusimama bila mchawi. Wenye presha, rudini kliniki mpimwe, na dawa msiache kwa sababu kichwa hakiumi tena.

Mafunzo ya mikono ni kila Jumamosi saa tatu asubuhi kwenye jengo la jamii. Hatuna yale masanamu ya hospitali, tunatumia gunia lililojazwa nguo kuukuu. Wiki iliyopita walikuja 14, wengi wao kina mama. Kamati ya michezo hatukuwaona hata mmoja, na gunia bado lipo.