Daftari Lipo, Wamelifungia Tu



Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Lakini kwenye shule zetu za serikali daftari lipo! Hela inaingia inaandikwa, inatoka inaandikwa. Shida ni kwamba mzazi haonyeshwi. Hili tulizungumze kwa hesabu, maana tukipiga kelele tupu watatuambia tuna wivu.

Ruzuku ya uendeshaji ya mtoto wa shule ya msingi ni shilingi 10,000 kwa mwaka. Kiwango hicho kiliwekwa enzi za MMEM, mwanzoni mwa miaka ya 2000, na ndicho walichoendelea nacho elimu bila ada ilipoanza Januari 2016. Tena mtoto haipati yote: 4,000 inabaki juu kwa ajili ya vitabu, inayoshuka shuleni ni 6,000. Igawanye kwa siku 194 za masomo. Unapata kama shilingi 31 kwa siku. Pipi moja dukani ni 50. Hiyo 31 ndiyo inunue chaki, izibe paa, itungishe mitihani na kununua mpira.

Haitoshi, kila mtu anajua. Ndiyo maana mzazi anaambiwa elimu ni bure, halafu anaitwa kuchangia mlinzi, uji, mitihani ya majaribio, madawati. Majina yanabadilika, mfuko ni uleule wa mama muuza mihogo. Nimekaa kwenye vikao vya namna hiyo. Mzee mmoja aliuliza swali dogo tu: "Kabla hatujachanga, ruzuku ya mwaka jana ilikuwa shilingi ngapi na ilifanya nini?" Akajibiwa kwamba hayo ni mambo ya ofisi. Mambo ya ofisi! Hela ya kutoa ni yake, hesabu ni ya ofisi.

Sasa wapo watakaosema tunawasakama walimu. Hapana jamani. Mwalimu mkuu ndiye anayeumizwa kuliko wote. Mwaka 2021 zilikuja hela za mkopo wa IMF, zikapangiwa madarasa 15,000 nchi nzima, milioni 20 kila darasa. Shule ndizo zilizosimamia ujenzi wenyewe, kwa ule utaratibu wa force account. Mwalimu wa hesabu akageuka mkandarasi, mwalimu wa Kiswahili akawa mpokea saruji. Mkuu wa wilaya anakuja na kamera, anataka darasa liishe kabla ya tarehe. Nondo zikipungua, anayeitwa kujieleza ni mwalimu. Aliyempangia fundi au duka la kununulia mabati haonekani popote. Hesabu ikibandikwa ukutani tangu siku ya kwanza, mwalimu mwaminifu anapata ngao na mpigaji anakosa pa kujificha.

"Lakini CAG si anakagua?" Anakagua, na tunamheshimu. Kazi yake imo kwenye Ibara ya 143 ya Katiba. Ila fuatilia safari ya shilingi moja. Imetumika vibaya Julai 2023. Mwaka wa fedha unafungwa Juni 30, 2024. CAG anamkabidhi Rais ripoti mwishoni mwa Machi 2025, na inafika bungeni Aprili. Hiyo ni miezi 21. Huyo mtoto keshavuka madarasa mawili, mwalimu mkuu kahamishwa, mkurugenzi yuko wilaya nyingine. Halmashauri ziko 184, shule za msingi za serikali zinapita 17,000. CAG hawezi kukaa kwenye kila kabati, na wala hatukumwajiri awe mlinzi wa kila shule. Anakuja baada ya tukio. Wa kuzuia tukio ni watu waliopo pale pale.

Na waliopo pale ni akina nani? Baraza la madiwani, ambalo kwenye halmashauri nyingi limejaa watu wa chama kimoja. Wenyeviti wa vijiji na mitaa, ambao Novemba 2024 zaidi ya asilimia 98 walitangazwa wa chama hichohicho. Kamati ya shule, ambayo katibu wake ni mwalimu mkuu, na mwalimu mkuu bosi wake ni mkurugenzi. Yaani anayeuliza na anayeulizwa wanakula sahani moja. Hapo unategemea nani amwambie mwenzake "hebu tuone risiti"?

Wasituambie kwamba takwimu ni ngumu kupatikana. Serikali yenyewe iliweka mfumo wa FFARS ili mapato na matumizi ya kila shule yaandikwe humo. Hela imesomewa, imejengewa mfumo, walimu wamepewa mafunzo. Kutoka hapo mpaka mzazi aone ni karatasi moja na gundi. Kwa hiyo wasipotuonyesha, si kwamba wameshindwa. Wameamua.

Madai yetu ni matatu. Kila shule ibandike kila robo mwaka kiasi ilichopokea na ilivyokitumia, kwa Kiswahili cha kueleweka, nje ya ofisi na siyo ndani. Kusiwe na mchango wowote kabla hesabu ya ruzuku haijasomwa mbele ya wazazi. Na hesabu za FFARS za shule zote ziwekwe wazi mtandaoni, ili kijana wa Kigoma na wa Tanga walinganishe shule zao kwa simu.

Tusisubiri waamke siku moja na huruma. Ibara ya 18 ya Katiba inakupa haki ya kupata habari. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inampa mwenye taarifa siku 30 za kukujibu. Andika barua ya ukurasa mmoja kwa mkurugenzi wako, taja shule uliyosoma wewe, uliza vitu viwili: mwaka wa fedha uliopita ilipokea shilingi ngapi, na zilitumikaje. Usitukane, usitaje chama. Hakikisha nakala yako inagongwa muhuri wa kupokelewa, kisha mpe katibu wa vijana wa kata yako.

Kijana mmoja akiandika wataitupa kapuni. Tukiandika kila kata, watalazimika kulifungua kabati au watuambie hadharani kwa nini hawataki. Majibu yote mawili tunayahitaji.