MTOTO WA BARAKA AITWE BLESSING KWA NINI?

Ndugu wachimba zahabu wa Misisi, ndugu wenyeji wa Fizi na Baraka, wababa na wamama!

Tunauliza neno moja. Mzazi wa Baraka akimwita mtoto wake Blessing, amepata nini? Blessing ni Kiingereza, na maana yake ni baraka. Amekwenda kuomba kwa jirani moto unaowaka katika jiko lake mwenyewe!

Wengine wanajibu: «Jina hilo linafaa mvulana na msichana.» Ni kweli. Kule Nigeria Blessing Okagbare ni mwanamke, aliyekuwa mkimbiaji. Kule Zimbabwe Blessing Muzarabani ni mwanaume, mchezaji wa kriketi. Lakini inchi hizo zilitawaliwa na Waingereza, na lugha yao ikabaki shuleni na kanisani. Sisi Mwingereza hakututawala. Tena Kiswahili hakitengi mume na mke. Wote wawili tunawaita «yeye». Ndiyo maana Baraka, Bahati, Amani na Riziki ni majina ya wavulana na ya wasichana pia, bila kungoja ruhusa ya London.

«Lakini baraka ni neno la Kiarabu!» Ndiyo, lilitoka huko. Leo mama anayeuza samaki kando ya Tanganyika analisema bila kufundishwa. Na Blessing, atalisemaje? Karani naye ataliandika namna yake, na jina lililoandikwa namna mbili katika vitambulisho viwili humletea mwenyewe taabu.

Tazameni wakubwa. Jina la Barack Obama lina shina moja na Baraka letu. Utotoni aliitwa Barry. Alipokuwa kijana akarudia Barack, na kwa jina hilo Wamarekani walimchagua kuwa rais mwaka 1908 na 100, yaani 2008. Che Guevara naye, alipovuka ziwa kutoka Kigoma mwaka 1965 na kuingia Fizi, aliitwa Tatu. Mgeni alichukua jina kwetu. Sisi wenyeji tunakimbilia wapi?

Hatutaki amri. Mwaka 1972 Mobutu alikataza majina ya Kikristo kwa nguvu; utawala wake ulipolegea mwaka 1990, watu wakayarudia hadharani. Amri haifundishi heshima. Mzazi achague mwenyewe, lakini achague akijua alicho nacho.

Wazazi, mtoto atakayezaliwa kesho ni baraka. Mwiteni hivyo!