Wazo lako halijapotea, limezikwa kwenye simu yako

Fungua WhatsApp sasa hivi, uende kwenye ile chati unayojitumia mwenyewe. Utapata linki tatu za YouTube, skrinishoti ya kiatu, namba ya fundi wa friji, na katikati hapo, saa nane usiku, kuna wazo. Wazo safi la video, la wimbo, la kuuza mitumba mtandaoni, sijui lako ni gani. Uliliandika kwa maneno manne, na leo wewe mwenyewe huelewi ulimaanisha nini.

Langu lilisema: "makanga, deni, spika, mama." Nilikaa nalo wiki mbili nikilitazama kama mtihani wa hesabu.

Sasa usiniambie ati vijana hatuna ubunifu. Keti kibandani pale mtaani nusu saa tu, ukisubiri chapati, utasikia filamu tatu na albamu mbili. Mawazo tunayo. Shida ni kwamba hayana kwao. Yanalala kwa daftari, kwa sauti tulizojirekodi tukiwa ndani ya mathree, kwa noti za simu iliyoibiwa mwaka juzi. Siku ya kuyatumia ikifika, unayatafuta kama mtu anayetafuta soksi asubuhi stima zimepotea.

Mimi nililipia tabia hiyo. Mwenye duka fulani alitaka mpango wa video sita za kutangaza bidhaa zake. Mawazo nilikuwa nayo, tena mazuri, lakini yalikuwa mahali pane tofauti. Nilifika kwake, nikatoa simu, nikaanza kuskroli mbele yake. Dakika moja. Tatu. Tano. Akaniletea chai. Mwishowe akaniambia kwa upole kwamba atanipigia. Najua unajua kama alipiga.

Ndipo nikaanza kutumia programu za kuchora ramani ya mawazo, na msimamo wangu leo ni huu: kama unafanya kazi yoyote ya kubuni na bado unapanga mambo kwa orodha ndefu kutoka juu hadi chini, unajinyima. Orodha inakulazimisha ujue kitu cha kwanza ni kipi kabla hujajua vitu vyenyewe ni vipi. Ramani haikuulizi hivyo. Unaweka wazo kuu katikati, unatoa matawi, kila tawi linatoa vijitawi, na unaandika kwa fujo ileile ambayo kichwa kinafikiria.

Si uvumbuzi wa jana. Mwingereza Tony Buzan ndiye aliyeieneza njia hii, akiifundisha kwenye televisheni ya BBC mwaka 1974. Yeye alitaka karatasi ilazwe kwa upana, rangi nyingi, na neno moja tu juu ya kila tawi. Karatasi bado ni nzuri. Ila karatasi ikijaa imejaa, na huwezi kung'oa tawi zima upande huu ukalipandikiza upande ule. Kwenye programu unalivuta kwa kidole, na vijitawi vyake vyote vinalifuata.

Acha nikuonyeshe kwa kazi ninayoifanya. Nilitaka kutengeneza filamu fupi kuhusu manyanga, zile matatu za kuvutia macho unazoziona kwenye barabara ya Rongai. Katikati niliandika "Nganya". Matawi: wachoraji, muziki, makanga, sheria, pesa, abiria. Chini ya sheria nikaweka zile kanuni za Michuki za 2004, mstari wa manjano, mikanda, vidhibiti mwendo. Tawi la wachoraji lilijaa hadi skrini ikakosa nafasi. La muziki pia. Halafu nikapunguza picha ili nione ramani yote kwa pamoja, na nikashtuka. Tawi la abiria lilikuwa tupu. Kabisa! Filamu nzima kuhusu gari la abiria, na sikuwa nimemfikiria hata abiria mmoja.

Orodha haingenionyesha pengo hilo, kwa sababu kwenye orodha mstari mmoja unafanana na mwingine. Kwenye ramani, tawi lisilo na kitu linaonekana kutoka mbali, kama kiti kitupu harusini.

Na hapo ndipo yale maneno manne yalirudi. Mwenye gari anachukua deni ili aweke spika. Spika zinavuta vijana, na nauli yao ndiyo inalipa deni. Makanga yuko mlangoni kuhakikisha pesa ya tajiri imefika kabla ya usiku. Mama aliyebeba mtoto anaziba masikio, au anaamua kusimama stejini nusu saa nyingine angoje gari lililotulia. Filamu yangu ilikuwa imelala kwenye simu muda wote huo. Nilichora mshale kutoka tawi la pesa hadi tawi la muziki, mwingine hadi kwa abiria, na hadithi ikawa na mgongo.

Sasa tuongee programu gani, maana hapa ndipo watu wanaumia. Ya kwanza niliyotumia ilikuwa ya kupendeza mno, ikihifadhi kila kitu mtandaoni. Muda wa kujaribu bure ukaisha, ikaanza kudai dola kila mwezi, na ramani zangu zikabaki ndani kama nguo kwa dobi usiyeweza kumlipa. Tangu hapo swali langu la kwanza kwa programu yoyote ni moja: nikitaka kuhama, nitatoka na mizigo yangu?

Kwenye laptopu natumia Freeplane. Ni ya bure, haihitaji bando ukishaipakua, na ilizaliwa kutoka kwa nyingine ya bure inayoitwa FreeMind. Sura yake, tuseme ukweli, ni ya kizamani. Lakini ni nyepesi: bonyeza Tab upate kijitawi, Enter upate tawi la kando, Space kukunja tawi lisikusumbue. Faili zake ni maandishi ya kawaida ndani, kwa hivyo programu nyingine kama XMind zinaweza kuzifungua. Kwa simu, jaribu mbili tatu za bure, lakini usiweke kazi ya maana ndani kabla hujajaribu kuitoa.

Kuna ugonjwa mmoja nikuonye kabla hujaambukizwa. Utapata raha ya kupaka matawi rangi. Utatafuta aikoni ya kamera, utabadilisha fonti, utanyoosha mistari, na saa sita usiku utalala ukidhani umefanya kazi. Hujafanya. Hujarekodi hata sekunde moja. Mimi najipa dakika 25 kwa ramani, rangi moja tu, alamu ikilia nafunga. Tena ramani si skripti. Mtu akiangalia video yako haoni matawi, anaona kitu kimoja baada ya kingine, kwa hivyo lazima ufike mahali uchague: hiki kwanza, hiki pili, hiki kitupwe. Programu haikusaidii hapo. Hapo unaumwa kichwa peke yako kama kila mtu.

Yangu ilikuwa na vijitawi 61. Nimebakisha 14. Mchoraji mmoja niliyempenda sana ameenda, na inaniuma. Tawi la abiria sasa ndilo nene kuliko yote, na Jumamosi saa kumi na moja alfajiri naenda stejini na simu ya kuazima kumtafuta yule mama anayesubiri gari lililotulia.