Wazee wa Quitunda: Tuwaulize wangali wanaweza kujibu

KILA jua linapokaribia kuzama hapa Quitunda, shangazi yangu hujifunga kanga kiunoni, huchukua kikapu chake na kuaga. Anarudi nyumbani, Quitupo. Ukimwambia kwamba nyumbani ni hapa, hukasirika. Kwake yeye nyumba hii aliyohamia mwaka 2019, kupisha mradi wa gesi wa Afungi, ni ya wenyeji waliomkaribisha kwa siku chache tu.

Ndugu wasomaji, majirani wana maelezo yao. Wapo wasemao amerogwa, wapo wasemao ni uzee tu. Ukweli ni kwamba huu ni ugonjwa wa ubongo, ndio uitwao dimensia. Shirika la Afya Duniani limekadiria kuwa mwaka 2021 watu milioni 57 duniani walikuwa nao, na zaidi ya asilimia 60 ni wa nchi za kipato cha chini na cha kati, yaani nchi kama zetu. Kwa jirani zetu Tanzania, mwaka 2010 watafiti walifika katika vijiji sita vya wilaya ya Hai, Kilimanjaro, wakachunguza wazee 1,198 wa miaka 70 na zaidi. Walikadiria kuwa katika kila wazee 100, sita hivi wanaugua. Kwa hiyo yule anayesema ni ugonjwa wa Wazungu hajatembea.

Ulaya wazee wengi wa namna hii huishia katika makao ya wazee. Huko wahudumu wanafundishwa jambo moja ambalo mwanzoni lilinishangaza: namna ya kuzungumza na mgonjwa mwenyewe juu ya matunzo yake ya mbele, badala ya kungoja azidiwe ndipo watoto waitwe kuamua. Sheria ya mwaka 2005 ya England na Wales inataka mtu ahesabiwe kuwa anaweza kujiamulia mpaka ithibitike vinginevyo, na kwanza asaidiwe kwa kila njia. Asiyejua leo ni siku gani anaweza bado kujua vizuri kabisa ni nani anayemtaka amwogeshe.

Je, sisi? Msumbiji tunayo Sheria namba 3 ya mwaka 2014 ya kulinda haki za wazee, na viko vituo vya wazee chini ya INAS. Lakini hapa Quitunda mhudumu wa mzee ni binti yake, ni mkwe, ni mjukuu aliyeacha shule. Wa nje ni yule mhudumu wa afya wa kijiji. Hao ndio wa kufundishwa. Msinicheke, kuuliza nako kuna kujifunza, nami ni mwalimu najua.

Mafunzo yenyewe hayahitaji jengo. Wawili wanakaa, mmoja anajifanya mzee, mwingine anauliza. Anajifunza kuuliza asubuhi, si jioni wakati mzee ameshavurugika. Anauliza swali moja tu, fupi, halafu ananyamaza. Kunyamaza ndiko kugumu kuliko yote, maana sisi tukiona mzee kimya tunamjibia. Mzee akisema anakwenda Quitupo, haambiwi "Hapana". Anaulizwa huko Quitupo kuna nini. Kesho kutwa anaulizwa tena lile lile, na jibu linaandikwa kwa maneno yake, kisha ukoo unasomewa.

Na yaulizwe kwa lugha gani? Mimi nilisomea uhamishoni Mtwara wakati wa vita vya RENAMO, nikarudi na Kiswahili cha darasani. Shangazi naye alikuwa na Kireno cha kuombea karatasi ofisini na Kiswahili cha sokoni. Kireno kimeondoka kwanza, Kiswahili kinafuata, kimebaki Kimwani. Mhudumu atakayeletwa kutoka kusini asijue Kimwani ataandika kwamba mgonjwa haeleweki.

Tena kwetu sisi tunaoishi kwa kuvuka Ruvuma jambo hili haliwezi kungoja. Tangu TotalEnergies ilipotangaza Novemba 2025 kuondoa zuio lililosimamisha mradi tangu Aprili 2021, watu wanazidi kupata moyo wa biashara. Mwana yuko Kilambo au Mtwara anafuata mzigo, mzee kabaki na watoto wadogo, simu haishiki. Akianguka, nani aamue apelekwe hospitali au la? Ile fidia iliyoandikwa kwa jina lake, nani anaishika? Haya mzee angeyajibu mwaka jana kwa nusu saa.

Liko swali zito zaidi, ambalo makao ya Ulaya hayaulizi. Palma iliposhambuliwa tarehe 24 Machi 2021, maelfu walikimbilia hapa Quitunda, na kutoka hapa wengine wakapata vyombo vya kwenda Pemba, wengine wakaufuata mto. Shangazi tulimbeba tukampakia mashuani. Wakati ule akili yake ilikuwa timamu, lakini hakuna aliyemuuliza chochote.

Mwezi uliopita nilimuuliza. Asubuhi tatu, akichambua mchele, kwa Kimwani changu kibovu: tukikimbia tena, tukufanyeje? Asubuhi ya kwanza alizungumza habari za kuku. Ya pili na ya tatu alisema yale yale: asipandishwe chombo tena, apelekwe bara kwa miguu polepole, na akifia njiani azikwe hapo hapo, asibebwe. Nimeandika kwenye daftari la shule.

Binamu yangu, ambaye ndiye mwanawe, alilisoma daftari lile, akalikunja, akasema mama hajui asemalo. Amevuka kwenda Mtwara kufuata mzigo. Akirudi Ijumaa tutakaa asubuhi, na shangazi mwenyewe akiwepo.