Na anayefundisha masters, nani anamkagua?

Najua nimepotea, msinipige mawe. Nilikuwa TP, na kule nilikopangiwa mtandao unashika juu ya kichuguu tu, tena jioni. Nimerudi salama, boom bado halijaingia, maisha yanaendelea.

Leo nina neno ambalo nimelibeba tangu huko shuleni. Siku ya kukaguliwa mara ya pili nilikuwa Kidato cha Pili, nafundisha ngeli. Mkaguzi wangu alikuwa mwalimu wetu wa hapahapa chuoni. Kabla sijafungua mdomo kashaomba azimio la kazi, andalio la somo na zana, halafu akaenda kukaa dawati la nyuma kabisa na fomu yake. Nikafundisha jasho linanitoka. Baada ya kipindi akaniita chini ya mwembe, akaniambia: "Binti, umeandika ubaoni muda mrefu umewapa watoto mgongo. Darasa halifundishwi kwa mgongo." Nikasema ahsante mwalimu, na nilimaanisha, kwa sababu alisema kweli.

Wiki mbili baadaye tumerudi chuo. Mwalimu yuleyule kaingia ukumbini, kawasha projekta, kageukia ukutani, akatusomea slaidi 64 kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho. Shati lake kwa nyuma sasa tunalijua vizuri kuliko somo. Jirani yangu akaninong'oneza: "Na huyu naye nani anamkagua?" Tukacheka sana. Nilipofika hosteli sikucheka tena, maana nilimkumbuka dada yangu.

Dada yangu mkubwa anasoma masters, chuo kingine. Kozi zote alifaulu vizuri tu. Ikaja tasnifu. Akapeleka sura ya kwanza kwa msimamizi wake, ikakaa miezi mitano. Iliporudi ilikuwa na maneno mawili kwa kalamu nyekundu: "Fikiri zaidi." Afikirie nini zaidi? Mpaka leo hajui. Akienda ofisini mlango umefungwa, akipiga simu mwenyewe yuko kikaoni. Programu ni ya miaka miwili, yeye huu ni mwaka wa tatu, na ada ya kuongezewa muda anailipa kwa mshahara wake wa ualimu huku ana mtoto mdogo nyumbani. Na msimamizi huyo si mbabaishaji. PhD anayo, makala anaandika, watu wanazisoma. Kwenye karatasi amekamilika kabisa.

Sasa kwa wale ambao hawajui ngazi zenyewe zilivyo. Hapa Tanzania, ukimaliza digrii ya kwanza na GPA ya kuanzia 3.8 unaweza kuomba kubaki chuoni kama TA. Ukipata masters yenye GPA ya 4.0 unapanda kuwa mhadhiri msaidizi. Ukileta PhD ndipo unaitwa mhadhiri, na hapo mlango wa kufundisha masters na kusimamia tasnifu unakufungukia. Mantiki yake ni ya ngazi moja juu, yaani anayefundisha awe amesoma kumzidi anayefundishwa. Na si sisi peke yetu. Kule Marekani, HLC yenye makao yake Chicago, inayotoa ithibati kwa vyuo vingi vya nchi hiyo, kwa miaka mingi ilishikilia kanuni hiyohiyo, ingawa iliacha kidirisha kwa mtu mwenye tajriba iliyothibitishwa.

Ziangalieni tena hizo ngazi. GPA, GPA, PhD. Zote zinaeleza mtu alivyosoma. Hakuna hata moja inayoeleza kama anaweza kumsomesha mwingine. Mimi ili nifundishe ngeli Kidato cha Pili nimesoma saikolojia ya elimu, nimesoma mbinu za kufundishia, nimekaguliwa na watu wawili tofauti. Mtu anayekabidhiwa utafiti wa dada yangu, kazi ngumu mara kumi ya ngeli, anaweza kufika hapo bila mtu yeyote kukaa nyuma ya darasa lake hata siku moja. Najua kuna zile fomu za tathmini tunazojaza mwisho wa muhula. Tunazijaza mbiombio UE ikiwa inagonga mlango, na mimi tangu nije chuo sijaona darasa lililobadilika kwa ajili yake.

Nilipoileta hoja hii kantini, rafiki yangu mmoja wa fasihi akarukia: basi PhD ifutwe! Akanipa mfano wa Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyefariki mwaka 2025. Ngũgĩ aliondoka Chuo Kikuu cha Leeds bila kumaliza masters, lakini akafundisha Yale, akafundisha Chuo Kikuu cha New York, akawa profesa mwenye heshima zote Chuo Kikuu cha California pale Irvine. Kwa ngazi zetu hizi, jamaa anasema, Ngũgĩ hata uhadhiri msaidizi asingeupata.

Mfano mzuri, na nakubali kidirisha cha watu wa namna hiyo kiwepo. Ila akina Ngũgĩ hawazaliwi kila muhula. Kwa sisi wengine PhD ibaki, tena ibaki bila kupindishwa. Huwezi kumpitisha mtu kwenye utafiti kama wewe mwenyewe hujawahi kukwama na data zako usiku wa manane, ukavunja sura nzima na kuanza upya. Ninachosema ni kwamba kuijua njia na kuongoza msafara ni kazi mbili tofauti. Kuna madereva wazuri ajabu ambao ukiwapa mwanafunzi wa udereva wanaishia kumfokea tu. PhD inatuambia mtu huyu barabara anaijua, na inaishia hapo.

Wengine mtaniambia, dada wewe unaota, wenye PhD wenyewe ni wachache, ukiongeza masharti si ndiyo tutabaki bila walimu? Hili nalichukulia kwa uzito. Jirani zetu Kenya walilipitia. Mwaka 2014 Tume yao ya Elimu ya Vyuo Vikuu ilitoa vigezo kwamba mhadhiri lazima awe na PhD, ikawapa watu miaka 5. Miaka ikaisha, na wasio nayo walikuwa bado wengi. Shahada ya uzamivu haipatikani kwa kutoa waraka.

Lakini tujiulize, wenye PhD wanatoka wapi? Wanatoka masters. Kila mwanafunzi wa masters anayekwamishwa leo ni PhD inayochelewa kesho, na wapo wanaochoka na kuacha kabisa. Kwa hiyo usimamizi mbovu ni sehemu ya huo uhaba tunaoulilia. Ukimwachia mtu wanafunzi kwa sababu tu wenye sifa ni wachache, na yeye akawapoteza njiani, mwakani utakuwa na wachache zaidi.

Mimi ningeomba mambo matatu, na hakuna linalohitaji kumpeleka mtu ng'ambo. La kwanza, kabla hujakabidhiwa mwanafunzi wako wa kwanza wa masters, upitie mafunzo mafupi ya kufundisha na kusimamia utafiti. Wenzetu walishaliona hili. Uingereza, ripoti ya Dearing ya mwaka 1997 ilitaka walimu wa vyuo vikuu wafundishwe kufundisha, na Norway wanadai mafunzo ya ualimu ya saa zisizopungua 200 kwa anayetaka cheo cha kudumu cha kufundisha na kutafiti. Na sisi, jamani, vyuo vyetu vina vitivo vizima vya elimu! Walimu wa walimu wako jengo la pili, wanapitwa tu kila siku.

La pili, mwanafunzi wa kwanza asimamiwe na wawili, mgeni pamoja na mzoefu. Mgeni aone mwenzake anavyosoma sura, anavyoandika maoni ambayo mtu anaweza kuyafanyia kazi, na anavyomwambia mwanafunzi ukweli bila kumvunja moyo.

La tatu, mtu akae dawati la nyuma. Mara moja kwa mwaka mwenzake aingie darasani kwake na fomu, kama tunavyofanyiwa sisi TP. Na kwa tasnifu, sura irudi ndani ya muda uliokubaliwa, na kama hairudi, mkuu wa idara aulize iko wapi. Mwanafunzi hawezi kuuliza mwenyewe. Dada yangu anaogopa hata kutuma ujumbe wa kukumbushia, eti asije akaonekana msumbufu kwa mtu atakayempa alama.

Niseme na langu, maana msije mkadhani nanyooshea watu vidole tu. GPA yangu kwa sasa ni 3.9. Ikishikilia hivyo na sup zikinipitia mbali, nina mpango wa kuomba u-TA, na Mungu akijalia nifike hadi PhD. Kwa hiyo masharti haya najiwekea mwenyewe. Siku nikisimama mbele ya darasa la masters nikawageuzia mgongo, nataka awepo mtu dawati la nyuma wa kuniita chini ya mwembe.

Mpaka naandika hapa, sura ya pili ya dada iko kwa msimamizi mwezi wa nne. Jana usiku nilimuuliza vipi, akajibu, "Bado, mdogo wangu. Nasubiri." Sikujua nimwambie nini.

Mnasemaje wadau? Hasa nyinyi mlioko masters, semeni, ni kwetu tu au ni kila mahali? Na wale mnaopinga shusheni nondo, nitazisoma zote. Kwa sasa naomba kutoa hoja, nawahi desa la saikolojia kabla stationery hawajafunga.