"Mama, leo tena maharage?"

Mzazi mwenzangu, swali hilo nimelisikia mezani kwangu mpaka nikalichoka. Anayeuliza ni kitindamimba wangu, ana miaka sita. Akishauliza, anakula ugali na kuyasogeza maharage pembeni ya sahani. Mwanzoni nilikuwa namgombeza. Baadaye nikajikagua: wiki nzima nilikuwa nayapika vilevile, kitunguu, nyanya, chumvi, basi. Hata mimi nilikuwa nimeyachoka, ila mtu mzima hana wa kumlalamikia.

Kuyaacha siwezi, maana nyama ya kila siku mfuko wangu haiwezi. Kwa hiyo nikabadili mapishi. Siku hizi Jumamosi usiku naloweka kilo moja, Jumapili nachemsha yote kwa mkupuo, mkaa unatumika mara moja. Yakipoa nagawa kwenye vyombo vidogo. Ya siku tatu yanakaa kwenye friji, mengine nagandisha. Kama huna friji, chemsha ya siku moja tu, maana yakilala nje kwenye joto yanachacha.

Kilichomshinda nguvu mwanangu ni kababu. Chuja vikombe viwili vya maharage yaliyoiva, yaponde pamoja na kiazi kimoja kikubwa kilichochemshwa. Tia kitunguu kilichokatwa vidogo sana, karoti iliyokunwa, tangawizi, kotimiri na chumvi. Viringa, bonyeza kidogo, chovya kwenye yai lililopigwa, kaanga kwa mafuta machache. Chuja vizuri kweli! Mara ya kwanza yangu yalikuwa na majimaji, yakasambaratika kwenye kikaango, tukala uji wa mafuta. Mara ya pili alibeba matatu shuleni, chombo kikarudi kitupu.

Maharage hayohayo yakipondwa unaweza kuyapaka ndani ya chapati ukaiviringa, au kuyaunga kwa tui la nazi na kuyala na wali. Wachaga wana kiburu, ndizi na maharage vilivyopikwa pamoja, na Wapare wametufundisha makande. Kwenye makande, chemsha mahindi peke yake kwanza, yanachelewa kuiva.

Sasa jambo ambalo sitalipitia haraka. Kuna siku nilichelewa kurudi kazini, nikayatoa jikoni yakiwa bado yanauma kidogo katikati. Usiku ule watoto wawili walitapika mpaka alfajiri. Nilidhani ni maji. Kumbe maharage mabichi, hasa yale mekundu, yana sumu ya asili iitwayo lektini, na punje chache tu ambazo hazijaiva zinatosha kumuumiza mtu tumbo. Dawa yake ni rahisi: loweka angalau saa tano, mwaga maji hayo, weka maji mapya, yaache yatokote kwa nguvu dakika 10 au zaidi, kisha ndipo upunguze moto mpaka yalainike. Anayetumia kikapu cha kuhifadhi joto naye ayatokose kwanza jikoni. Moto mdogo peke yake hauiui sumu hiyo.

Magadi je? Najua yanalainisha upesi, na mama yangu aliyatumia. Lakini yanaharibu vitamini B1 iliyomo, kwa hiyo mimi nimeyaacha. Kuloweka kunatosha, ilimradi maharage yasiwe ya zamani sana.

Na chai ya rangi iondoe mezani wakati wa chakula, inazuia madini ya chuma yaliyomo kwenye maharage yasiingie mwilini. Badala yake mpe mtoto kipande cha chungwa au kamulia limau kwenye kachumbari. Vitamini C inasaidia chuma hicho kufyonzwa.

Alhamisi iliyopita kitindamimba aliniuliza tena, ila swali limebadilika: "Leo ni ya kababu au ya kawaida?" Yalikuwa ya kawaida. Alikula nusu.