Kidonge Kinapopita Mikono Mingi

Mkasi unapokata karatasi ya vidonge kwenye kaunta ya duka la dawa muhimu Kisarawe, mnunuzi huuliza jambo moja tu: "Kimoja shilingi ngapi?" Kimepita mikono ya nani, haulizi.

Mara nyingi njia ni ndefu: kiwanda cha ng'ambo, mwagizaji, muuzaji wa jumla Kariakoo, kisha rejareja. Kila mmoja ana gharama zake: kodi ya stoo, mtaji uliolala, nauli ya kupitia Pugu. Kumwita kila mtu wa kati mnyonyaji ni uvivu. Bila yeye vijiji vingi vingekosa dawa. Wa kulaumiwa ni yule asiyebeba wala kuhifadhi, kazi yake kuongeza bei tu.

Bohari ya Dawa (MSD), iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1993, huvipatia vituo vya umma njia fupi zaidi. Inapoishiwa, yupo mshitiri. Mfumo wa mshitiri ulianzia Dodoma mwaka 2014, ukaenea nchi nzima 2018: vituo vya mkoa hununua kwa muuzaji aliyeshinda zabuni, kwa bei iliyokubaliwa. Naye ni mtu wa kati, ila bei yake imeandikwa.

Mgonjwa anayeambiwa "dawa hakuna" haifaidi bei hiyo. Anaingia sokoni peke yake, cheti mkononi.

Kibaha angalau njia ni fupi: kule Zegereni kipo kiwanda cha Kairuki cha maji ya dripu. Kutoka pale hadi hospitali ya Tumbi hakuhitajiki meli wala wakala wa bandari. Kilichobaki ni bei za mshitiri kubandikwa kando ya dirisha la dawa, mgonjwa azisome kabla hajavuka barabara.